Namba ya labo haitoshi kuhukumu mutu: homoni, uzazi na jinsia tata

Mambo mara nyingi yanaanza hivi. Bibi na bwana wamemaliza miaka mitatu katika ndoa bila mutoto. Familia ya bwana inaanza kusemasema. Bibi anaenda peke yake ku labo, analipa makuta, wanamutoa damu, na jioni anarudi na karatasi. Kwenye karatasi kuna neno "testosterone", kuna namba, na pembeni ya namba kuna mushale unaoangalia juu. Katika nyumba kuna mutu aliyesoma biolojia ku segondere. Yeye anajua kama testosterone ni homoni ya wanaume. Mbele ya kesho yake neno limekwisha kuzunguka kartie: "Njo maana hazai. Ule haiko mwanamuke."

Hakuna munganga aliyesema vile. Karatasi nayo haikusema vile. Lakini katika miji yetu, kutoka Bunia mpaka Uvira, neno kama hilo linaweza kuvunja ndoa, kurudisha mahari, ao kumufungia mutoto musichana katika chumba cha maombi ili "atolewe pepo". Njo maana ni lazima kueleza ile karatasi inaweza kusema nini, na ile haiwezi kusema.

Kutoka Rio mpaka mu kartie

Sehemu moja ya fujo hii inatoka kwenye habari za michezo. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, medali tatu za mbio ya mita 800 zilichukuliwa na wanawake watatu wa Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Niyonsaba ni jirani, Burundi iko ngambo ya Ruzizi tu. Mwaka 2019 alisema waziwazi kama mwili wake unatoa testosterone kupita ile ya wanawake wengi, na kama hakuchagua kuzaliwa hivyo.

Shirikisho la riadha la dunia, World Athletics, lilikuwa limeweka mupaka: katika mbio za mita 400 mpaka maili moja, mwanamuke wa hali hiyo hakuruhusiwa kupita nanomoli 5 za testosterone katika litri moja ya damu. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021, katika muji wa Zagreb, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Mwaka 2023 mupaka ulishushwa mpaka nanomoli 2,5 na ukawekwa kwa mbio zote. Kisha, tangu tarehe 1 Septemba 2025, shirikisho lilibadilisha tena: mwanamuke anayetaka kushindana katika mashindano makubwa anapimwa mara moja katika maisha ili kuona kama iko na jeni inayoitwa SRY. Katikati ya hayo, tarehe 10 Julai 2025, Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba Semenya hakupewa haki ya kusikilizwa vizuri mbele ya korti ya Uswisi. Korti hiyo haikukata kama sheria za riadha ni nzuri ao mbaya.

Kwa nini kukumbusha hayo? Juu wakubwa wa michezo wenyewe, pamoja na labo za bei kali, wamebadilisha kipimo mara nyingi katika miaka isiyofika kumi. Na sheria zao zinahusu paka swali moja: nani akimbie katika kundi gani. Hazikuandikwa ili kusema nani ni bibi wa mutu, nani anaweza kubeba mimba, wala nani afukuzwe kwa nyumba. Mutu anayechukua mupaka wa Olimpiki na kuupeleka kwenye karatasi ya mama wa Butembo anapima unga kwa metre ya fundi nguo.

Jinsia inajengwa kwa hatua

Mwili wa mutoto tumboni unajengwa kama nyumba, hatua kwa hatua. Kwanza kuna kromozomu: wengi wako na XX (wanawake) ao XY (wanaume). Kisha zinakuja tezi: ovari ao korodani. Tezi zinatoa homoni. Homoni zinapaswa kusikiwa na mwili. Mwishoni kunatokea umbo la inje, lile muzalishaji anatazama mbele ya kusema "ni musichana" ao "ni kijana".

Kwa watu wengi hatua zote zinafwata njia moja. Kwa wengine hatua moja inachukua njia ingine. Hiyo ndiyo inaitwa jinsia tata. Watu waliosoma Kifaransa wanasema intaseksi, na ku pwani ya Afrika ya Mashariki wanasema huntha. Umoja wa Mataifa unasema ni kati ya asilimia 0,05 na 1,7 ya watu, kufwatana na hali gani zinahesabiwa. Kuna wanaojulikana siku ya kuzaliwa, kuna wanaojulikana wakati wenzao wanaanza kuona mwezi, na kuna wanaojulikana paka wakati wanatafuta mutoto. Haihusu mutu anapenda nani. Na haitoke kwa ulozi, wala kwa zambi ya mama.

Mbele ya kuogopa namba

Karatasi ya homoni inasomwa pamoja na mambo matano. Kama moja linakosekana, namba inaweza kudanganya.

La kwanza ni kipimo kilichotumiwa. Testosterone ya mwanamuke inaweza kuandikwa 0,6 ng/mL, ao 60 ng/dL, ao karibu 2,1 nmol/L. Hizo namba tatu ni damu ile ile! Mutu akiona 60 kwenye karatasi ya leo na 0,6 kwenye ya mwaka jana, anaweza kufikiri homoni imepanda mara mia. Kwa mwanaume muzima, kawaida ni karibu 3 mpaka 10 ng/mL. Kwa hiyo mwanamuke mwenye 0,9 ng/mL, hata kama labo imeweka mushale juu, iko mbali sana na mwanaume.

La pili ni mipaka ya labo yenyewe. Kila labo iko na mashini yake, na mipaka yake inaandikwa pembeni ya namba. Namba ya labo moja haipimwi na mipaka ya labo ingine.

La tatu ni siku na saa. Kwa mwanamuke anayeona mwezi, FSH, LH na estradioli zinapimwa vizuri siku ya pili mpaka ya ine tangu damu ilianza. Zikipimwa katikati ya mwezi, LH inaweza kuwa juu sana, na hiyo inaonyesha tu kama yai liko karibu kutoka. Testosterone ya mwanaume inapimwa asubui, mbele ya kula, na ikiwa chini inarudiliwa siku ingine.

La ine ni dawa na hali ya mwili. Sindano ya kupanga uzazi inashusha homoni, na inaweza kuchelewesha uzazi kurudi miezi mingi nyuma ya sindano ya mwisho. Kunyonyesha kunapandisha prolaktini. Vidonge vya biotini, ambavyo watu wanakula juu ya nywele na kucha, vinaweza kuharibu hesabu ya mashini fulani.

La tano ni mutu mwenyewe. Alianza kuona mwezi wakati gani? Maziwa yaliota? Alisha kubeba mimba? Ekografi inaonyesha kizazi? Bila majibu hayo, munganga muzuri hatasema kitu kikubwa juu ya namba moja.

Kapita na wafanyakazi

FSH na LH zinatoka chini ya ubongo. Zinafanya kazi ya kapita: zinaita ovari ao korodani ili zifanye kazi. Kama ovari hazijibu, kapita anapandisha sauti. Njo maana kwa mwanamuke ambaye hajafikisha miaka 40 na ambaye mwezi umesimama, FSH inayopita 25 inaonyesha kama ovari zimechoka ao hazikujengwa vizuri. Mufano ni wasichana wenye kromozomu X moja tu, hali inayoitwa Turner, ambayo inapata karibu musichana mumoja kati ya 2000 ao 2500. Wengi wao ni wafupi na hawaone mwezi.

Lakini kama FSH na LH ziko chini zote mbili, kapita mwenyewe ndiye amelala. Hapo mara nyingi sababu ni njaa, kukonda sana, ugonjwa wa muda murefu ao mashaka mazito. Katika kambi za wakimbizi wa vita, mama anayekosa mwezi anaweza kuwa katika hali hiyo. Mwili umeona hakuna chakula cha watu wawili, ukafunga mulango kwa muda. Mulango huo mara nyingi unafunguka tena wakati maisha yanarudi.

Na ule mushale wa testosterone? Sababu ya kawaida zaidi kwa mwanamuke ni ovari zenye vifuko vingi vidogo, hali inayopata karibu mwanamuke mumoja kati ya kumi. Mwezi unakuja ovyo, ndevu kidogo zinaota, uzazi unachelewa. Hiyo si jinsia tata, na iko na dawa. Kama testosterone inapita sana, karibu 1,5 ng/mL na zaidi, ao sauti inabadilika haraka, wanganga wanatafuta sababu zingine bila kungoja, hata uvimbe.

Kuna pia jambo ambalo homoni haziwezi kuonyesha hata kidogo: njia za mayai zilizozibwa na magonjwa ya zinaa ao na maambukizo nyuma ya kuzaa ao kutoa mimba vibaya. Mama anaweza kuwa na homoni safi kabisa na asibebe mimba juu ya njia kuzibwa.

Hali ine, uzazi wa namna ine

Watu wengi wanafikiri jinsia tata ni sawa na kuwa mugumba. Hali ine hizi zinaonyesha kama haiko hivyo.

Ya kwanza: mutoto wa XX aliyezaliwa na umbo la inje linalofanana na la kijana, juu ya tezi za juu ya figo zinazotoa homoni vibaya. Kwenye karatasi, kipimo kinachoitwa 17-OH-progesterone kinapanda sana. Ndani mutoto huyu iko na ovari na kizazi. Akipata dawa tangu utoto, wengi wanaweza kuzaa.

Ya pili: musichana mwenye maziwa, sura na sauti ya kike, lakini hajaona mwezi hata siku moja, na nywele za sehemu za siri ni haba. Damu inaonyesha kromozomu XY na testosterone ya kiwango cha mwanaume. Mwili wake hausikie testosterone hiyo, njo maana ulikomaa kwa njia ya kike. Hana kizazi, hatabeba mimba. Huyo iko na jeni SRY, lakini kila mutu aliyemulea anajua ni musichana.

Ya tatu: musichana murefu, maziwa hayakuota, mwezi haukuja, FSH iko juu sana, kromozomu ni XY. Tezi zake hazikujengwa. Lakini ekografi inaonyesha kizazi, hata kama ni kidogo. Akipewa homoni, kizazi kinaweza kukomaa, na kwa yai la kupewa na mwanamuke mwengine anaweza kubeba mimba, ijapokuwa kazi hiyo inafanyika paka katika vituo vya pekee na kwa makuta mengi. Tezi zake zinapaswa kutolewa juu zinaweza kuleta kansa. Hapa kujua mapema kunaokoa uzima.

Ya ine: msichana wa XX, homoni zote sawa kabisa, maziwa yako, lakini mwezi hauji juu kizazi hakikujengwa. Wanganga wengine wanaihesabu kati ya hali za jinsia tata, wengine hapana. Karatasi yake ya homoni haina mushale hata mumoja. Ni ekografi njo inasema.

Kwa hiyo namba ya juu haifungi mulango wa uzazi kila mara, na namba nzuri haifunguwi kila mara.

Na baba naye?

Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2023 kama karibu mutu mumoja kati ya sita duniani anapata shida ya uzazi wakati fulani wa maisha yake. Sababu inaweza kutoka kwa bibi, kwa bwana, ao kwa wote wawili. Lakini mu manyumba mengi, mutu wa kwanza kupimwa ni bibi, wa pili ni bibi, na wa tatu ni bibi wa pili.

Karibu mwanaume mumoja kati ya 600 anazaliwa na kromozomu XXY, hali inayoitwa Klinefelter. Wengi wao hawajue mpaka wanatafuta mutoto. Ndoa inafanyika sawa, sauti ni ya kiume, lakini korodani ni ndogo, FSH iko juu, na mbegu hazionekane katika kipimo. Nao hawakosi matumaini yote: katika hospitali zenye vyombo, wanganga wanapata mbegu ndani ya korodani kwa karibu nusu ya wale wanaopasuliwa.

Hapa kuna hatari moja ya kusema kwa sauti. Mwanaume mwenye testosterone chini, ambaye anatafuta mutoto, asipewe sindano ya testosterone ili "apate nguvu". Homoni inayotoka inje inamunyamazisha kapita, na korodani zinaacha kutengeneza mbegu. Anaweza kujisikia kijana zaidi, kumbe amefunga uzazi wake mwenyewe.

Kipimo cha mbegu kinahitaji mikroskopu na mutu aliyefundishwa. Ni rahisi kuliko homoni nyingi, na hakiumize. Kuanza nacho kungeokoa makuta na machozi ya wanawake wengi.

Mutoto anapozaliwa na umbo lisiloeleweka

Katika hali zote hizi, moja tu inaomba haraka ya masaa na siku: ile ya tezi za juu ya figo. Mutoto anaweza kupoteza chumvi mwilini, akaanza kutapika, kulegea, kukataa kunyonya, na kufa katika juma mbili ao tatu za kwanza. Kijiji kinasema ni malaria ao ni ulozi. Muzalishaji anayeona umbo lisiloeleweka, hasa kama hakuna korodani zinazosikika kwa mukono, anapaswa kumutuma mutoto ku hospitali kubwa siku ile ile, ijapokuwa ananyonya vizuri.

Mengine yanaweza kungoja. Kupasua mutoto ili umbo "likae sawa" mara nyingi si jambo la haraka, na kisu kinaweza kuondoa tezi ambayo ingemupa uzazi kesho. Wazazi wako na haki ya kuuliza: tukingoja, kuna hatari gani?

Kisha kuna karatasi ya Leta. Sheria ya Kongo inaomba mutoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na aktri ya kuzaliwa inataja jinsia: kiume ao kike. Siku 90 zinatosha kwa ekografi na vipimo kama barabara iko wazi. Kusahihisha nyuma kunapita kwa tribinali, na ni safari ndefu. Kenya, ambayo iko pamoja na Kongo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ilihesabu watu wa jinsia tata katika hesabu ya watu ya 2019, ikapata 1524, na sheria yake ya watoto ya 2022 inawataja na kuwalinda. Hesabu hiyo peke yake ilisaidia: mutoto anayehesabiwa anaweza kupangiwa dawa.

Kinachoombwa katika zone za afya

Ku mashariki ya Kongo, shida haiko paka ujinga. Kipimo cha kromozomu hakipatikane karibu, damu inapaswa kusafirishwa. Tangu Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, viwanja vya ndege vilifungwa na mabanki vilevile, na sampuli ya damu nayo haiwezi kuvuka kirahisi kuliko mutu. Labo inayokosa moto ya kuendesha friji inatoa namba zisizoaminika.

Kwa hiyo utaratibu una maana kuliko wingi wa vipimo. Kuzungumza na kupima mwili kwanza, kipimo cha mbegu cha bwana, ekografi ya bibi, kisha homoni chache kwa siku inayofaa, na kromozomu mwishoni kama bado kuna swali. Hiyo inawezekana katika hospitali nyingi kubwa za zone. Inayokosekana mara nyingi ni munganga kukaa na bibi na bwana pamoja, mulango ukiwa umefungwa, na kuwaeleza. Karatasi ya labo ni siri ya mwenyewe. Kusomwa kwa sauti katika koridori, ao kupigwa foto na kutumwa kwa WhatsApp ya familia, ni kumuvua mutu nguo mbele ya watu.

Mwenye kushika karatasi leo anaweza kurudi kwa munganga na maswali machache: Kipimo hiki ni cha unite gani? Kilichukuliwa siku nzuri? Kirudiliwe? Ekografi inasema nini? Bwana amepimwa? Na kama jibu ni kwamba mwili wa mutu huyu ulifwata njia ingine tangu tumboni, kuna neno moja ambalo karatasi yoyote haiwezi kufuta: jana alikuwa mutoto wa familia hiyo, na leo bado ni yeye.